Kwa Nini "Food" na "Blood" Hayaoani: Mhadhara Juu ya Maana, Asili na Vina vya Maneno ya Kiingereza



Naomba mwandike maneno matatu kwenye karatasi zenu: "food", "good", "blood". Yote ni maneno ya kila siku na yote yanaishia kwa herufi zile zile tatu. Mtu aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili akiyakuta mwishoni mwa mishororo mitatu atasema vina vimetimia. Kisha ayasikie yakitamkwa na Mwingereza: fuud, gud, blad. Hakuna hata mawili yanayooana.

Watoto wetu hukutana na jambo hili mapema sana. Wengi hutoka darasani wakiamini kwamba Kiingereza hakina utaratibu, na wengine, jambo linaloniuma zaidi, huamini kwamba wao ndio wazito wa kuelewa. Imani zote mbili hazina msingi. Maneno ya Kiingereza yameandikwa jinsi yalivyosikika zamani na yanatamkwa jinsi yanavyosikika leo. Kati ya zamani ile na leo kuna umbali wa karne tano na zaidi, na kipimo kizuri cha umbali huo ni kina cha mshairi, kwa sababu mshairi hutunga kwa sikio la zama zake.

Tuanze na kina chenyewe, maana Waswahili na Waingereza wanapokitaja hawasemi kitu kimoja. Kwetu sisi, kama alivyofafanua Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, kina ni silabi, konsonanti na irabu yake. "Bahari" huoana na "hodari" kwa sababu zote zinaishia kwa -ri. Ukileta "asali" mahali pa "bahari", malenga watakukatalia, kwani -li si -ri. Kwa Waingereza, kina huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno, na konsonanti iliyotangulia irabu hiyo hutakiwa iwe tofauti. Ndiyo maana "light" na "night" ni kina safi kwao, lakini "night" na "knight", ambayo leo yanatamkwa sawasawa kabisa, ni kina dhaifu. Kile ambacho kwetu ni sharti, kwao ni kasoro.

Tofauti hii inatokana na maumbile ya lugha zenyewe. Kiswahili kina irabu tano tu, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Vina vimejaa tele, hata washairi wetu wakaona kina cha mwisho hakitoshi, wakaongeza cha kati, na wakataka viendelee ubeti mzima. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zinazokaribia ishirini, na maneno yake huishia kwa konsonanti za kila namna, tena kwa mafungu. Vina vyake ni haba. Neno "month" halina mwenzake. "Silver" halina wa kawaida. "Orange" watu wamelitafutia kina miaka na miaka bila kupata cha kuridhisha. Chaucer mwenyewe, baba wa ushairi wa Kiingereza, alilalamika kwamba vina katika lugha yake ni vya kutafuta kwa tochi. Waingereza walipoichukua soneti kutoka kwa Waitalia katika karne ya 16, ilibidi wailegeze. Mwitalia Petrarch aliweza kutumia vina viwili tu katika mishororo minane ya mwanzo, lakini umbo ambalo Shakespeare alilirithi linaruhusu vina saba katika mishororo yake kumi na minne. Lugha ilidai nafuu, ikapewa.

Sasa turudi kwenye ile karatasi.

Geoffrey Chaucer alifariki mwaka 1400. Katika zama zake herufi a, e, i, o, u zilisomwa na Mwingereza kwa sauti zinazokaribia sana zile tunazozipa sisi leo. "Name" lilikuwa na silabi mbili, kitu kama naa-me. "Time" lilikuwa tii-me. "House", ambalo wazee wao waliliandika "hus", lilikuwa na u ndefu kama ya "juu". Na herufi mbili zilizofuatana, ambazo leo zinawasumbua wanafunzi wetu, zilikuwa na kazi ile ile zinayoifanya katika Kiswahili, yaani kurefusha sauti. "Feet" lilikuwa na e ndefu ya "mzee". "Food" lilikuwa na o ndefu ya "choo". Mtoto wa darasa la kwanza, Tanga au Kisumu, anayesoma "food" kwa o ya "choo" anasoma jinsi Chaucer alivyosoma. Kwa neno hilo moja, mtoto huyo yuko karibu na Chaucer kuliko mwalimu wake.

Kisha irabu zikahama. Katika muda wa karne tatu hivi, tangu 1400 hadi 1700, irabu ndefu zote za Kiingereza ziliacha mahali pake. E ya "feet" ilipanda ikawa i. I iliyokuwepo ikasukumwa ikawa ai, ndiyo "time" ya leo. O ya "food" ilipanda ikawa u, na u ya "house" ikafunguka kuwa au. A ya "name" ikapanda kidogo kidogo hadi ei. Mdenmaki Otto Jespersen, katika sarufi yake aliyoanza kuichapisha mwaka 1909, ndiye aliyeyapa mabadiliko haya jina ambalo wanaisimu wanalitumia mpaka leo, nasi tunaweza kuyaita Uhamaji Mkuu wa Irabu. "Food", "good" na "blood" yalikuwa na o moja ndefu, na yote yalipanda pamoja kuwa u. Baada ya hapo "blood" lilifupishwa mapema, likateremka likafika karibu na a. "Good" lilifupishwa kwa kuchelewa, likabakia na u fupi. "Food" halikufupishwa. Maneno haya ni ndugu waliolelewa nyumba moja kisha kila mmoja akaondoka kwa wakati wake.

Mtu atauliza, kama matamshi yalihama, maandishi yalibaki nyuma kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu ni mashine ya kupigia chapa. William Caxton, mfanyabiashara aliyejifunza kazi hiyo Ulaya bara, aliweka mtambo wake Westminster mwaka 1476, wakati uhamaji ule umeanza na haujamaliza nusu ya njia. Vitabu vikaenea, macho ya wasomaji yakazoea, na mazoea ya macho yakageuka sheria. Mdomo ukaendelea kwenda, wino ukabaki pale pale.

Caxton mwenyewe aliona taabu ya kuchagua maneno. Katika utangulizi wa kitabu alichokichapa mwaka 1490 anasimulia habari ya wafanyabiashara waliokuwa ndani ya chombo kwenye mto Thames, safari yao ya kwenda Zeeland. Upepo ukawakatalia, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao, aliyeitwa Sheffelde, akaingia nyumba ya watu akaomba mayai, akitumia neno lililokuja na Waskandinavia, ambalo leo ni "egg". Mama wa nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua, alitaka mayai tu. Mpaka mwenzake mmoja aliposema "eyren", neno la Kiingereza cha kale, ndipo mama akaelewa. Caxton anauliza, mtu wa zama hizi aandike lipi? Naipenda habari hii kwa sababu inamwonyesha Mwingereza hamwelewi Mwingereza mwenzake juu ya kitu cha jikoni, na inamwonyesha mpiga chapa akiwa na kalamu mkononi, akijua kwamba atakachokiandika kitawafunga wajukuu. "Egg" likashinda. "Eyren" likafa.

Maandishi yakishaganda, kina ndicho kinachobaki kutupa habari za sauti. Chukueni neno "tea". Mwaka 1714 mshairi Alexander Pope alichapisha toleo lililopanuliwa la shairi lake "The Rape of the Lock", na humo "tea" linafanya kina na "obey". Pope alikuwa fundi wa vina asiyevumilia ulegevu, kwa hiyo hatuwezi kusema alibabaisha. Kwa sikio lake neno lile lilikuwa tei. Na hapo kina kinatufungulia asili. Waingereza walilipata neno hili kupitia kwa Waholanzi, ambao waliokota "te" katika lahaja za pwani ya kusini ya China, kwenye bandari walizofanyia biashara. Sisi tulipata "chai" kwa njia nyingine, iliyopita kwa Waajemi, na asili yake ni China vile vile, ila ni matamshi ya sehemu nyingine za nchi ile. Tei ya Pope imo katika kile kina chake, hata kama leo kila Mwingereza anasema tii.

Soneti za Shakespeare, zilizochapishwa mwaka 1609, ziko 154, na zaidi ya nusu yake zina vina ambavyo leo havisikiki kuwa vina. Mfano unaojulikana zaidi ni "love" na "prove". Mwanafunzi anaambiwa kwamba hicho ni kina cha macho, yaani mshairi aliridhika na herufi kufanana. Sikubaliani na maelezo hayo. Mwanaisimu David Crystal amefanya kazi ndefu ya kuyarudisha matamshi ya zama za Shakespeare, na mwaka 2004 ukumbi wa Globe jijini London uliigiza "Romeo and Juliet" kwa matamshi hayo chini ya mwongozo wake. Ukisikiliza, vina vilivyokufa vinafufuka. "Love" na "prove" yalikuwa yanaoana kwa sikio la watu wa zama zile. Herufi zenyewe, kwa hakika, zilikuwa na safari mbalimbali. "Prove" limetoka Kifaransa. "Love" ni la Kiingereza cha kale, nalo liliandikwa kwa u, "lufu". Waandishi wa mkono wa zama za kati, ambao u, v, n na m zao zilikuwa vijiti tu vilivyosimama pamoja, waliibadilisha u kuwa o ili jicho lisipotee. Ndiyo sababu ile ile ya o iliyomo ndani ya "son", "come" na "monk".

Niseme neno kuhusu "gh", maana najua hapa kuna walimu wanaoteswa nayo. Katika "night", "daughter" na "laugh" ilikuwa sauti halisi, kh ya koo, ile ile anayoitamka mtu wa pwani asemapo "kheri". Wajerumani wanayo bado katika "Nacht", usiku. Kwa Waingereza sauti hiyo ilidhoofika. Mahali pengine ilitoweka, kama katika "night" na "though", na mahali pengine ikageuka f, kama katika "laugh" na "enough". Waswahili hatuna haki ya kushangaa, kwani "khabari" tumeifanya "habari", na "khamsini" tumeifanya "hamsini". Tofauti ni kwamba sisi tulibadilisha na maandishi. Wao walibakiza mifupa. K ya "knight" nayo ilitamkwa, na neno hilo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kijana au mtumishi, kabla halijapanda cheo likawa la askari wa farasi.

Lakini si kila herufi bubu ni kumbukumbu ya kweli. B ya "debt" haijawahi kutamkwa na Mwingereza yeyote. Neno liliingia kutoka Kifaransa kama "dette", bila b, kisha wasomi waliopenda Kilatini wakachomeka b ili lifanane na "debitum". S ya "island" ni mbaya zaidi. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale na halikuwa na s, ila lilidhaniwa kuwa la ukoo mmoja na "isle" la Kifaransa, likabebeshwa herufi isiyo yake. Mwanafunzi anayelalamikia herufi hizi mbili ana haki kamili.

Tumekwisha gusa asili, tuingie ndani kidogo. Kiingereza kina matabaka. Chini kabisa ni maneno ya Waanglo-Saksoni, wasemaji wa Kiingereza cha kale: "water", "fire", "mother", "house", "bread". Juu yake ni maneno ya Waskandinavia waliovamia na kisha kukaa. Hao walileta hata viwakilishi, "they" na "them", jambo lisilo la kawaida katika ukopaji wa lugha. "Window" pia ni lao, na maana yake asilia ni jicho la upepo. Kisha mwaka 1066 Wanormani wakaitwaa nchi, na kwa karne kadhaa mahakama na ikulu zikasema Kifaransa: "judge", "prison", "court". Msomaji wa Kiswahili anaelewa mpangilio huu bila kufundishwa. Maji, moto na nyama ni ya Kibantu. Sheria, hakimu na mahakama yamekuja kwa Kiarabu. Lugha zote mbili zina maneno ya nyumbani na maneno ya barazani.

Kina huyaunganisha matabaka haya bila kuuliza asili. Nyimbo za mapenzi za Kiingereza zimechosha watu kwa "fire" na "desire". La kwanza ni la Waanglo-Saksoni, la pili ni la Kifaransa. "Moon" na "June", jozi iliyotumika hata ikachakaa, ni neno la Kiingereza cha kale lililooana na jina la mwezi la Kirumi.

Kuna jozi moja ambayo imefika mpaka kwetu. Waanglo-Saksoni walikuwa na neno "scyrte", na Waskandinavia walikuwa na "skyrta". Ni neno moja, la asili moja, lenye maana ya vazi fupi. Waanglo-Saksoni walikuwa wamelainisha sk kuwa sh, lakini Waskandinavia waliiacha ngumu. Walipokutana Uingereza, maneno yote mawili yakabaki na yakagawana mwili wa binadamu. "Shirt" likachukua juu, "skirt" likachukua chini. Baada ya miaka elfu moja yalipanda meli, yakafika Afrika Mashariki, tukayaita shati na sketi. Nenda Kariakoo, ambako jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, utayakuta yametundikwa kwenye kamba moja, na sh na sk zao bado zinaeleza nani alikaa upande gani wa Uingereza.

Kiswahili kilipokopa kilikopa kwa sikio, na hili limetupatia ushahidi mzuri. Tunasema "kabati" kwa sababu hakuna Mwingereza aliyetamka p ya "cupboard" mbele ya babu zetu, ingawa neno limetengenezwa kwa kikombe na ubao. Tunasema "picha", tunasema "shati" bila r. Asiyejua Kiingereza kilitamkwaje na watawala na wamishonari wa wakati ule anaweza kuanza kwa kusikiliza Kiswahili.

Sikio likikata neno mahali pasipo pake, neno jipya huzaliwa. Fundi wa baiskeli aliposikia "mudguard" alisikia "madigadi", akaona ma- ya wingi, na moja akaiita "digadi". "Keep left" ikawa "kipilefti", na zikiwa nyingi ni "vipilefti". Watu husema huu ni mzaha wa mtaani. Mimi naona ni sarufi ikifanya kazi yake kwa uaminifu, na Waingereza walifanya vivyo hivyo. Vazi la kuzuia uchafu lilikuwa "napron". Kwa kusema "a napron" upesi upesi walisikia "an apron", na n ikahamia jirani. Nyoka aliyekuwa "naddre" akawa "adder" kwa njia hiyo. Mjusi wa majini naye akapata n isiyo yake, "an ewt" ikawa "a newt". "Nickname", jina la utani, awali lilikuwa "ekename", yaani jina la nyongeza.

Mara nyingi tumekunywa katika kisima kimoja na Waingereza bila kujuana. Neno la Kiarabu "sifr", tupu, lilikuja kwetu kama sifuri. Ulaya lilipita katika hesabu za Leonardo wa Pisa, anayejulikana kwa jina la Fibonacci, aliyeandika kitabu chake mwaka 1202, na baada ya safari ndefu likazaa maneno mawili ya Kiingereza, "zero" na "cipher". "Sukkar" ikawa sukari huku na "sugar" kule. Taarifa yetu na "tariff" yao vimetoka mzizi mmoja wenye maana ya kujulisha. Orodha ya ushuru ilikuwa tangazo kabla haijawa kodi. Na lililo karibu zaidi na pwani yetu ni "mawsim", wakati maalumu wa mwaka. Sisi tulilifanya msimu. Wareno, waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 na kuhitaji rubani wa kuwavusha hadi India, walilazimika kujifunza pepo za bahari hii pamoja na majina yake. Kwao neno hilo likawa "monção", na kupitia kwao Waingereza wakapata "monsoon". Kaskazi na kusi ndizo zilizoliingiza neno hilo katika vinywa vya Wazungu.

Nasi tulitoa. "Safari" iliingia Kiingereza katikati ya karne ya 19 kupitia maandishi ya wasafiri kama Richard Burton. Tazameni ilivyobanwa maana. Kwetu mtu anayetoka Morogoro kwenda Dodoma kwa basi yuko safarini. Kwa Mwingereza ni lazima awepo simba, ama wa kupigwa risasi ama wa kupigwa picha. Kubanwa huku kwa maana ni jambo la kawaida. "Deer" lilikuwa mnyama yeyote, leo ni paa wa aina fulani tu. "Meat" kilikuwa chakula chochote, leo ni nyama. "Girl" lilikuwa mtoto, wa kike au wa kiume. Maneno mengine hayabanwi, bali hugeuzwa hadhi. "Silly" lilimaanisha mwenye baraka, likawa mnyonge wa kuhurumiwa, likaishia kuwa mpumbavu. "Nice" lilikwenda njia ya kinyume, kwani limetokana na Kilatini "nescius", asiyejua kitu, na lilipoingia Kiingereza lilikuwa tusi.

Na kuna yale yaliyofunikwa kabisa. "Lord", bwana mkubwa, lilikuwa "hlafweard", mlinzi wa mkate. "Lady" lilikuwa "hlæfdige", mkanda mkate. Sehemu ya kwanza ya yote mawili ni "hlaf", ambalo leo ni "loaf". Humo mmesikia muundo mzima wa kaya ya Waanglo-Saksoni: mmoja anakanda, mmoja analinda, na wengine wote wanakula kwa hisani yao. Silabi zikaliwa moja moja, mkate ukapotea, ukabaki ubwana.

Wamekuwepo waliotaka kuirekebisha tahajia. Noah Webster, katika kamusi yake ya mwaka 1828, aliwapa Wamarekani "color" na "center", akafika hapo. George Bernard Shaw, aliyefariki mwaka 1950, aliacha wasia wa fedha za kubuni alfabeti mpya, na mwaka 1962 tamthilia yake "Androcles and the Lion" ilichapwa kwa alfabeti hiyo. Haikutumika. Mimi siwalaumu Waingereza kwa kuikataa. Tahajia iandikwe kwa matamshi ya nani? Ya London, ya Glasgow, ya Texas, ya Lagos, au ya Nairobi? Maandishi haya yasiyofuata mdomo wa mtu yeyote yana faida moja kubwa, kwamba hayampi mtu yeyote umiliki. Hata Kiswahili, ambacho maandishi yake sanifu yalianza kupangwa na kamati ya lugha mwaka 1930 kwa kufuata Kiunguja, kimekwisha kuwa na pengo. Tunaandika "dhahabu" na "ghali", lakini mamilioni ya wasemaji wetu husema zahabu na gali.

Ndiyo maana nataka kumalizia na jambo la shuleni. Waafrika Mashariki wengi, tukisema Kiingereza, hatutofautishi "live" na "leave", wala "full" na "fool". Katika somo la matamshi mwalimu ana wajibu wa kuonyesha tofauti hiyo, kwani mwanafunzi atakwenda duniani. Lakini mwanafunzi akitunga shairi la Kiingereza na kuoanisha "live" na "leave", kalamu nyekundu isimame kwanza. Mshairi John Keats, aliyezaliwa London mwaka 1795, hakutamka r kabla ya konsonanti, kwa hiyo aliona "thoughts" na "sorts" ni kina. Mwaka 1818 gazeti la Blackwood's la Edinburgh lilimshambulia vikali kwa kumweka katika kundi la washairi wa vichochoroni mwa London, na wakosoaji wa karne ile waliendelea kuvihesabu vina vya namna hiyo kuwa alama ya mtu asiyesoma. Leo matamshi ya Keats ndiyo yanayofundishwa kama Kiingereza sanifu cha Uingereza. Mwanafunzi wetu aulizwe swali ambalo Keats alistahili kuulizwa: asome shairi lake kwa sauti, kwa kinywa chake mwenyewe, na tusikilize kama vina vyake vinashika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Vikishika, apewe alama zake.